Mama Anapoomba Sindano ya Kumpumzisha

Safu ya Muuguzi Anajibu

Barua tatu za mwezi huu zimetoka Korogwe, Mombasa na Iringa, na ingawa waandishi wake hawajuani, wote wanaogopa jambo moja: kwamba watakuwa wamemuua mtu wanayempenda. Nimezifupisha na kuondoa yote yanayoweza kumtambulisha mtu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu maswali yaliyomo ninaulizwa karibu katika kila nyumba yenye mgonjwa wa saratani.

Barua ya kwanza

*Shikamoo nesi. Mama yetu ana saratani ya shingo ya kizazi. Alipata tiba ya mionzi Ocean Road, akapata nafuu kwa muda, kisha ugonjwa ukarudi na tukaambiwa tumrudishe nyumbani. Tunampa panadol na diklofenaki, ila usiku halali. Juzi aliniambia, "Mwanangu, waambie wanichome sindano nipumzike, nimechoka kuwatesa." Kaka yetu anayeishi Uholanzi anasema huko daktari anaruhusiwa kufanya hivyo, na kwamba sisi tunamtesa mama kwa ushamba wetu. Shemeji yangu naye anasema hata hiyo mofini inayosifiwa kwa maumivu makali ni sindano ileile kwa jina jingine. Nifanye nini? Mama hataki hata wajukuu waingie chumbani kwake, kwa sababu ya harufu. Mtoto wa kwanza, Korogwe.*

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa kuuguza.

Kaka yako hakusema uongo. Uholanzi ilianza kutumia sheria ya kifo cha huruma tarehe 1 Aprili 2002, Ubelgiji ikafuata mwaka huohuo, na leo Kanada na Hispania nazo zinaruhusu. Ila nadhani amewasimulia nusu. Huko ombi hutoka kwa mgonjwa mwenyewe, akiwa na akili zake, bila kusukumwa na mtu, na akiwa amelifikiri vya kutosha. Daktari anatakiwa aridhike kwamba mateso hayavumiliki wala hayana matumaini ya kupungua, na kwamba hakuna njia nyingine ya maana iliyobaki; kisha daktari wa pili, asiyehusika na matibabu ya mgonjwa huyo, humwona na kutoa maoni yake, na baada ya kifo taarifa yote hupelekwa mbele ya kamati ya kuikagua. Mwaka 2023 kamati hizo zilipokea taarifa 9,068, yaani kama vifo 5 katika kila vifo 100 vya nchi hiyo. Kwa mama yako ninaliona zito zaidi lile sharti la kutobaki njia nyingine.

Jimbo la Oregon, Marekani, nalo lina sheria yake tangu 1997. Mtu ambaye madaktari wawili wamethibitisha kwamba hatarajiwi kuishi zaidi ya miezi 6 huandikiwa dawa, na akiamua kuitumia anaimeza mwenyewe. Wapo wengi wanaoichukua wasiitumie. Sababu zinazotajwa zaidi katika taarifa za kila mwaka za jimbo hilo ni kushindwa kujiamulia mambo, kushindwa kufanya yale yaliyompa mtu raha ya kuishi, na kuona heshima yake imeondoka, na maumivu huja nyuma ya hayo. Tena kama watu 9 katika kila 10 wanaofuata njia hiyo huwa tayari wako chini ya hospisi, yaani timu ya wauguzi, daktari, mshauri na kiongozi wa dini inayomfuata mgonjwa hadi nyumbani ili kutuliza maumivu na kuishika mkono familia yake. Sasa mlinganishe mtu huyo na mama yako, ambaye saratani yake imerudi na dawa yake kubwa ni panadol. Naamini hata daktari wa Uholanzi angemuuliza kwanza kaka yako mgonjwa amepewa nini cha kutuliza maumivu, na sijui kaka yako angejibu nini.

Hapa kwetu Tanzania sheria haina mlango huo. Kwa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, anayemsaidia mwingine kujiua anaweza kufungwa maisha, na anayeharakisha kifo cha mtu ambaye ugonjwa ungemuua kwa vyovyote huhesabiwa kuwa ndiye aliyesababisha kifo hicho. Hata Afrika Kusini, ambako mwaka 2015 wakili Robin Stransham-Ford, mgonjwa wa saratani, aliiomba mahakama ya Pretoria imruhusu daktari amsaidie kufa, hukumu ya kumkubalia ilitolewa saa chache baada ya yeye kufariki, na Desemba 2016 Mahakama ya Juu ya Rufaa ikaitengua. Kwa hiyo asije mtu yeyote, awe daktari wa mtaani au ndugu mwenye huruma, akawaambia kwamba jambo hilo linaweza kufanyika kimyakimya.

Hayo nimeyataja kwa sababu uliyauliza. Kilichonisimamisha katika barua yako ni maneno ya mama mwenyewe. Amechoka *kuwatesa*. Halafu ipo ile sentensi uliyoiweka mwishoni kabisa, kana kwamba ni jambo dogo, kuhusu wajukuu na harufu. Mimi ningeanzia hapo.

Harufu hiyo hutokana na vijidudu vinavyostawi kwenye nyama iliyokufa ndani ya kidonda cha saratani. Vidonge vya metronidazole, vilevile mnavyopewa kwa amiba, nesi akivisaga na kuviweka mahali penyewe, huipunguza ndani ya siku chache. Ongezeni vitambaa safi vya kubadilisha mara kwa mara, kusafisha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, na dirisha lililo wazi. Niliwahi kumhudumia mama mmoja aliyekuwa amewageukia ukuta wanawe wote. Harufu ilipopungua, jambo la kwanza aliloomba ni mtu wa kumsuka nywele. Kuhusu kufa hakusema tena neno, angalau kwangu.

Sasa mofini. Shemeji yako hayuko peke yake. Nimewahi kuwasikia hata watumishi wa afya wakisema hivyo. Shirika la Afya Duniani liliiweka mofini katika mwongozo wake wa maumivu ya saratani tangu 1986, juu ya ngazi ambayo panadol na diklofenaki zimekaa kwenye kidato cha chini. Kwa kawaida inatolewa kama dawa ya maji ya kunywa, si sindano. Dozi huanza ndogo na kupandishwa kidogo kidogo mpaka maumivu yatulie, na hapo husimama. Kwa kuwa nguvu yake hudumu takribani saa 4, wengi hupewa saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, na ile ya saa 4 usiku huongezwa maradufu ili mgonjwa na anayemuuguza walale hadi asubuhi. Haisubiri mgonjwa alie ndipo apewe. Siku mbili tatu za kwanza huenda mama akalala sana, na hapo ndipo watu husema "tulijua tu". Mara nyingi huo ni usingizi wa wiki nyingi alizokosa. Kichefuchefu huja na kwa kawaida huisha. Kufunga choo hakuishi chenyewe, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile moja na mofini. Kuhusu kuzoea dawa na kuwa teja, anayeitumia kwa maumivu ya saratani chini ya uangalizi ni nadra kugeuka teja, na maumivu yakipungua kwa sababu nyingine dozi hupunguzwa taratibu.

Jambo moja lizingatieni sana. Saratani ya mama yako inaweza kubana mirija ya mkojo na kuziumiza figo, na figo zikichoka mofini hujikusanya mwilini. Mkiona mkojo umepungua, misuli inarukaruka, au mama anaweweseka na ni vigumu kumwamsha, mpigieni nesi kabla ya dozi inayofuata. Mwambieni daktari pia kuhusu diklofenaki, maana haina urafiki na figo.

Haya yote hayakuanza jana. Cicely Saunders, muuguzi aliyesomea baadaye udaktari, alifungua hospisi ya St Christopher's mjini London mwaka 1967, akafundisha kwamba dawa itangulie maumivu na kwamba maumivu ya mgonjwa wa aina hii yamo mwilini, moyoni, katika familia na rohoni kwa wakati mmoja. Harare ilipata hospisi yake 1979, Nairobi 1990, na mwaka 1993 Dk. Anne Merriman akaanzisha ile ya Kampala, ambako mofini ya maji inachanganywa kwa gharama ndogo. Uganda ilikwenda mbali zaidi mwaka 2004 kwa kuwaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika dawa hiyo wao wenyewe. Nawaonea wivu, na mtu yeyote aliyewahi kumsubiri daktari mmoja wa wilaya nzima ataelewa kwa nini.

Kwa hapo mlipo, chukueni barua ya ruhusa kutoka Ocean Road na vidonge vyote anavyotumia, mwende Hospitali Teule ya Muheza, ambayo ilianzisha huduma ya hospisi mwanzoni mwa miaka ya 2000, au Bombo pale Tanga mjini, mwombe kwa maneno haya: tunataka tiba shufaa, yaani huduma ya kutuliza maumivu na mateso ya mgonjwa. Mkiambiwa dawa imekwisha, ulizeni imekwisha tangu lini na ni hospitali ipi iliyo nayo, wala msikubali kurudi nyumbani na panadol nyingine. Si lazima mama asafirishwe siku ya kwanza. Aende mtu anayeweza kueleza maumivu yako wapi, yanaanza saa ngapi na nini kinayapunguza.

Sitakudanganya kwamba tiba shufaa inamaliza kila mateso. Wapo ambao maumivu hutulia nao bado wanasema wanataka kuondoka. Wengine wana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na sonona ina dawa. Wengine wamemaliza safari yao na wanataka tu mtu asiyekimbia wanapolisema hilo. Kwa wachache sana ambao mateso ya siku za mwisho hushinda dawa zote, wataalamu wana dawa za kumlaza mgonjwa usingizi mpaka umauti unapomkuta wenyewe. Kwa hiyo mama akirudia ombi lake, usimwambie "mama usiseme hivyo". Kaa kitandani, umuulize ni kipi kinachomchosha zaidi kuliko vyote, kisha umwache ajibu.

Barua ya pili

*Assalaam alaykum. Baba yetu alipigwa na kiharusi, yuko ICU, apumuliwa na mashine. Madaktari wasema ubongo hautarudi. Tushauza kiwanja cha Mtwapa kulipia. Kaka mkubwa asema akitolewa mashine sisi ndio tuliomuua, na damu yake itatudai Kiyama. Ammi yetu asema tumwache aende. Nyumba haina maelewano tena. Binti wa tatu, Mombasa.*

Wa alaykum salaam. Mola amjaalie mzee wepesi, nanyi subira.

Hilo kaka yako analoliogopa na hilo ammi yenu analolisema ni mambo mawili tofauti. Kumchoma mgonjwa dawa kwa nia ya kumkatisha roho ni kuua, na sheria ya Kenya inaliona hivyo. Hukumu ya Mahakama Kuu ya Januari 2025, iliyosema kwamba kumwadhibu mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba, haikuligusa kosa la kumsaidia mwingine kujiua. Kuondoa mashine ambayo haimtibu tena mgonjwa ni kuacha matibabu yasiyo na faida, na hapo anayemchukua ni ugonjwa wake.

Mambo yanategemea pia daktari alimaanisha nini aliposema "ubongo hautarudi". Muulizeni waziwazi kama ubongo wote umekufa, shina lake pamoja, ni vipimo gani vilivyothibitisha, na wataalamu wangapi wamekubaliana. Ikiwa ndivyo, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililokutana Amman mwaka 1986, liliamua kwamba mtu ambaye ubongo wake umekoma kabisa kufanya kazi, na mabingwa wakathibitisha kwamba hautarejea, inajuzu kumwondolea mashine hata kama moyo bado unapiga kwa msaada wa mashine hizo. Ikiwa ubongo haujafa wote ila umeharibika vibaya, uamuzi ni mgumu zaidi na unahitaji kikao cha familia, madaktari na sheikh mnayemwamini, mkitanguliza swali moja: baba mwenyewe, kwa jinsi mlivyomjua, angetaka nini? Majirani zenu Wakatoliki wana jibu linalokaribiana na hilo tangu 1957, pale Papa Pius XII alipowaambia madaktari wa nusukaputi kwamba hakuna wajibu wa kuendelea na njia zisizo za kawaida pale ambapo hakuna tumaini.

Kaka yako msimwone mkaidi. Mara nyingi anayeshikilia mashine ni yule ambaye hakuwahi kumuaga mgonjwa, au aliyegombana naye. Mkumbusheni kwa upole hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, inayomkataza mtu kutamani mauti kwa dhara iliyompata, na asipokuwa na budi aseme: Ee Mwenyezi Mungu, nihuishe maadamu uhai ni heri kwangu, na unifishe ikiwa kifo ni heri kwangu. Katika dua hiyo mja hajifupishii umri wala hang'ang'anii kuurefusha.

Kabla mashine haijazimwa, pataneni na madaktari kuhusu mambo matatu: apewe dawa za kuzuia asihangaike kupumua, familia iruhusiwe kuwa naye, na apatikane wa kumtamkia shahada karibu na sikio, maana hata mgonjwa asiyejibu husomewa. Hospitali ikiwa haina timu ya tiba shufaa, Coast Hospice ipo hapo Mombasa na inaweza kuwashauri. Na kuhusu kiwanja: kuzungumzia gharama si utovu wa adabu wala si kumuuza baba. Mwambieni daktari mkuu kwamba fedha zimekwisha kabla hamjauza kingine. Ni haki yenu kujua kama siku kumi zaidi zitabadilisha lolote.

Barua ya tatu

*Babu yetu ana miaka 91, moyo wake umechoka na daktari alisema ni uzee. Siku ya tano leo anakataa uji. Bibi anamlisha kwa nguvu na babu anapaliwa. Jirani anasema tumtundikie dripu, la sivyo tunamuua kwa njaa. Mjukuu, Iringa.*

Kwanza nesi wa zahanati amtazame mdomoni kama ana utando mweupe wa fangasi, ampime malaria, na aulize mara ya mwisho alipata choo lini, kwa sababu hayo matatu humkosesha mzee hamu ya kula na yote yanatibika. Yakiwa hayapo, basi mwili wake unafunga kazi na hauombi chakula. Kwa kawaida mtu aliyefikia hapo hasikii njaa kama mimi na wewe. Uji unaolazimishwa huingia kwenye mapafu na kuleta nimonia. Dripu kwa moyo uliochoka hujaza maji mapafuni na kuvimbisha miguu, na anayefarijika nayo zaidi ni jirani.

Msimpokonye bibi kijiko halafu mkamwacha mikono mitupu, maana kumlisha mumewe ndiyo kazi aliyoijua maisha yake yote. Mpeni kitambaa laini na bakuli la maji safi, alowanishe midomo na ulimi wa babu kila baada ya muda mfupi, kisha ampake mafuta midomoni. Babu akitaka kijiko kimoja cha chai, apewe akiwa ameinuliwa, na akigeuza uso iwe basi. Mgeuzeni ubavu kila baada ya saa mbili hivi. Siku za mwisho huenda pumzi ikakoroma kooni. Inawatisha wanaosikia kuliko inavyomsumbua yeye, na kumlaza ubavu hutosha. Ikiwa anahema kwa shida na uso unaonyesha hofu, nesi apige simu hospitali ya mkoa aulize kuhusu mofini kidogo, kwa sababu hutuliza pia shida ya kupumua, na baba au shangazi aende kuichukua siku hiyohiyo.